Moto wa Nyumba Isiyo na Mtu

Asubuhi ile, Odile alipofungua mlango wa villa, joto lilimpokea usoni kama mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango akimngoja.

Alibaki kizingitini, funguo mkononi, mtoto wake Shekina mgongoni. Nje umande wa kiangazi ulikuwa mweupe juu ya majani. Ndani, vioo vya madirisha vilikuwa vinatoka jasho. Akatazama mashine ya joto ukutani mwa salon, ile sebule kubwa. Kidirisha chake cha kijani kilionyesha thelathini. Jana jioni alikuwa ameiacha kwenye kumi na sita.

"Ni kidole yangu," akasema peke yake.

Hata hakushangaa sana. Zilikuwa wiki tatu halali vizuri, mtoto akiota meno na kukohoa, na mtu aliyechoka namna ile anaweza kubonyeza chochote. Akachukua telekomande, akashusha namba moja moja mpaka kumi na sita, akapiga picha kwa simu, akaituma kwa patron, tajiri wake. Kisha akarudi kuchemsha uji.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Villa ilikuwa ya patron Dimitri, muuza vyuma vya malori, aliyekaa Lubumbashi na mke wake Fifi na kitinda mimba wao Abigaël, mtoto wa miaka miwili. Walikuja kupumzika Noeli na Pasaka, basi. Miezi mingine yote nyumba ilibaki yenyewe pembeni ya ziwa la barrage, lile bwawa la umeme, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka Kolwezi. Na nyumba ya pembeni ya maji haikai vizuri peke yake wakati wa kiangazi. Baridi ya mwezi wa sita inaingia, ukungu unapanda kutoka ziwani, ngozi ya viti inaota ukungu wa kijani, piano ya Mama Fifi inavimba. Ndiyo maana patron alileta ile clim inayotoa baridi wakati wa joto, na joto wakati wa baridi.

Fundi aliyeifunga alimwelezea Odile kwa upole, akiwa amekaa juu ya ngazi yake.

"Haitengeneze moto, mama. Inachota tu. Inje hata kukuwe baridi ya namna gani, kunabakiaka ka moto kadogo. Mashini inaikota kidogo kidogo, inaiingiza mu nyumba."

"Na inje kunabakia nini?"

"Baridi tu, mama," fundi akacheka. "Juu ya ile usisimame ku mugongo yake."

Mgongo wa mashine, ule wenye panka kubwa, ulifungwa ukuta wa nyuma, ukaangalia dirisha la boyerie, kile kijumba cha wafanyakazi. Humo ndimo Odile alimolala na Shekina. Dady, mume wake, alikuwa Kisenge kwenye mgodi wa manganese tangu mwezi wa tatu.

Amri ya patron ilikuwa fupi: kumi na sita, isipande, isishuke. Saa kumi na mbili asubuhi Odile aingie aangalie, saa kumi na moja jioni aangalie tena. Kazi haikuwa ngumu. Na Mama Fifi alikuwa mtu mwema. Siku ya Pasaka alimpa Odile mfuko wa nguo zilizokuwa zimeanza kumbana Abigaël, na nguo zote zilikuwa zimepigwa pasi. Odile aliliwaza jambo lile siku nyingi: mtu anakupa bure, na bado anakupigia pasi.

Asubuhi ya pili, thelathini. Asubuhi ya tatu, thelathini. Patron, aliyekuwa anaiona namba ile kwenye simu yake kule Lubumbashi, akatuma sauti.

"Mama Shekina, sasa salon yangu imekuwa fasi ya kuota moto?"

"Mi sikuguse kitu, patron. Naacha kumi na sita, nakuta makumi tatu."

"Basi ni mashetani njo anabonyeza?" Akacheka, akakata.

Odile akaenda kumuuliza Tata Kabongo, sentinelle aliyelinda lupango, uwanja wote wa nyumba, mzee wa asili ya Kasai mwenye koti kubwa la jeshi lililochanika mfukoni. Kabongo akaapa kwa marehemu mama yake kwamba hakuna mtu aliyepita getini.

"Mi silalake, mama."

"Tata Kabongo! Juzi nilikusikia unakoroma mpaka kuku banashituka."

"Ile ilikuwa kukoroma ya kufukuza bezi," akajibu mzee, bila kucheka. Lakini tangu siku ile alianza kuzunguka nyumba mara mbili kila asubuhi, na kila mara alimletea Odile kuni mbili tatu alizookota, akaziacha mlangoni.

Asubuhi ya nne Odile aliona kiti.

Ni kile kiti kikubwa cha ngozi, chini kabisa ya mashine, mahali upepo wa moto unapoangukia. Kilikuwa kimebonyea katikati. Kilikuwa kimelowa. Kutoka mlango wa upande wa ziwa, ambao ulikuwa umefungwa na komeo lake, nyayo za maji zilikuja juu ya sakafu mpaka kwenye kiti, vidole vyote vikiangalia kiti, na hakuna unyayo hata mmoja uliorudi. Na harufu! Harufu ya tope la chini kabisa, lile jeusi ambalo wavuvi wanalipandisha na kamba za nyavu na kulitupa haraka majini wakigeuza uso.

Odile angekimbia. Miguu ilikuwa tayari. Lakini mashine ilipozima panka lake kupumzika kidogo, kama inavyofanya, kukawa kimya, na ndani ya kile kimya akasikia kitu kidogo kutoka kwenye kiti. Tk-tk-tk-tk. Akadhani ni maji yanadondoka. Akasikiliza. Hayakuwa maji. Yalikuwa meno. Meno ya mtu anayetetemeka kwa baridi, anajaribu kuyafunga, yanamshinda.

Sasa sikia jinsi Odile alivyokuwa. Kwao alikozaliwa, jirani akifika alfajiri na kipande cha bati mkononi, haulizwi anataka nini. Anataka moto. Mbabula yake, lile jiko la makaa, imezimika, hana kiberiti, watoto wanasikia baridi. Unachukua makaa mawili mekundu kutoka mbabula yako, unamwekea juu ya bati lake, na unamwambia kwa mdomo wako: beba, mi njo nakupa, ni mimi ninayekupa. Ni lazima useme, la sivyo moto unakuwa wa kuiba na hautawaka. Mama yake alifanya vile, bibi yake alifanya vile. Odile hakuwahi kumnyima mtu moto tangu azaliwe, na meno yale yalimchoma roho kuliko yalivyomtisha.

Akaacha telekomande ilipokuwa. Akasema kwa sauti ya chini, kama anavyosema na mtoto:

"Bon, tata. Ota moto. Mi njo nakupa."

Meno yakanyamaza.

Siku ile Shekina aliacha kukohoa.

Odile alimshukuru Mungu. Jioni mtoto hakulia. Alilala, akalala tena, na mama yake akalala pembeni yake, usingizi wa kwanza wa kweli baada ya wiki nyingi, mzito kama gunia. Kesho yake ndipo alipomgusa miguu. Ilikuwa baridi. Akamvalisha nguo mbili, akamfunga mgongoni, akaota naye jua ukutani mpaka saa sita, jua la kiangazi likimchoma yeye mwenyewe shingo. Lakini alipomfungua, tumbo la mtoto lilikuwa baridi kama chungu cha maji. Shekina alimwangalia tu. Hakutabasamu, hakulia. Mdomo ulikuwa na rangi ya jivu.

Alimpeleka kwenye kituo cha afya. Infirmière, msichana mwenye mikono ya taratibu, akaweka kipima joto mara tatu, akakifuta, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

"Haipande, mama," akasema. Akavua shali yake ya sufi, akamfunika mtoto. "Beba, utanirudishia siku ingine. Akiacha kunyonya, tumupeleke Kolwezi."

Kila asubuhi namba ilikuwa thelathini. Odile akishusha, hata akizima, akifika mlangoni anasikia nyuma yake tik, tik, tik, ikipanda yenyewe. Na kadiri villa ilivyopata joto, ndivyo mtoto alivyopoa. Tata Kabongo ndiye aliyeona mgongo wa mashine: mabarafu meupe yalikuwa yameota kwenye vyuma vyake, panka likipuliza upepo wa baridi ya kuchoma moja kwa moja dirishani mwa boyerie. Akapigilia bati juu ya dirisha. Akahamisha kitanda chao kwenye kibanda chake cha getini, akavua lile koti la jeshi akamfunikia mtoto, yeye akabaki na shati.

Haikusaidia. Siku ya tano ya kupoa kwake, Shekina hakunyonya. Alishika titi mdomoni, akalisahau.

"Mama Shekina," Kabongo akasema polepole, "hii haiko tena maneno ya upepo, na haiko ya hospitali. Mi naenda kuita Mama Tshibola."

Mama Tshibola aliuza samaki wa kukaushwa kule mitumbwi inakofikia, na siku ya Alhamisi aliombea wagonjwa. Alifika saa tisa mchana, jua bado lipo, na Biblia yake ndani ya mfuko wa plastiki. Alikuwa mzee kuliko Odile alivyodhani, anatembea akishika kiuno. Alimshika mtoto kifuani, akafumba macho kidogo, akamrudisha kwa mama yake.

"Tuingie," akasema.

Waliingia watatu, Odile akiwa amembeba Shekina. Ndani ya salon joto lilikuwa la kukaba koo, mapazia yalikuwa mazito kwa unyevu, maji yalikuwa yanateremka juu ya mbao za piano kama machozi, na harufu ya tope ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, ukimeza mate unaimeza na yenyewe. Na kwenye kile kiti cha ngozi, mchana kweupe, mahali ambapo macho hayakuona mtu, mto ulikuwa umebonyea na ulikuwa unapanda na kushuka, unapanda na kushuka, polepole, kama tumbo la mtu aliyeshiba anayesinzia karibu na moto.

Mama Tshibola hakupiga kelele, hakumwaga maji. Akakaa chini sakafuni mbele ya kiti, jinsi watu wanavyokaa kwenye kilio cha msiba.

"Mama Shekina," akanong'ona bila kugeuka, "huyu ulimupatia kitu?"

"Nilimupa moto." Odile alikuwa anaangalia kiti. "Alikuwa anatetemeka, mama. Nilimuambia mi njo nakupa."

"Eee, Mungu Mukubwa." Mama Tshibola akatikisa kichwa. "Huyu alikufa ku maji. Bakamutafuta, habakumupata. Hakukukuwa kilio, hakukukuwa moto ya kilio, hakuna mutu alilala inje juu yake. Anatembea na baridi yake tangu ile siku. Haiko mubaya. Anasikia baridi tu."

"Tumufukuze."

"Moto ulimupa kwa kinywa yako, unamunyanganya namna gani? Na sikia vizuri, mwana. Moto uliyomupa haiko ya patron. Patron hakukuwa hapa. Moto inatokaka ku nyumba ya mwenye kuitoa. Mashini inachota, haujue? Inachota fasi moto iko mingi. Na ku nyumba yako mwenye kuwa na moto mingi, mwenye angali mupya, ni nani?"

Odile akamkumbatia Shekina mpaka mifupa midogo ikalia.

"Kuko njia moja," Mama Tshibola akaendelea. "Mutu mwingine aseme mi njo nampa. Atamuachia mutoto, atafuata ule mutu. Kisha tutamulilia, tutamufanyia kilio yake, labda ataenda." Akavuta pumzi, akajiweka sawa juu ya magoti. "Kwangu hakuna mutoto. Niko miye na paka. Nitasema miye."

"We!" Kabongo akashtuka. "Weye uko na moto gani? Unalalaka na bikwembe ine, na bado unatetemeka mu mupepo kama bendera!"

"Njo vizuri. Atachoka na miye mbio, atajiendea."

Alisema akicheka kidogo, lakini alikuwa ameitoa Biblia kwenye plastiki na kuikumbatia, na Odile aliona. Alitaka kusema hapana, mama. Alitaka pia kusema ndiyo, haraka, sasa hivi. Alikuwa amechoka sana, hakujua tena lipi ni la kwanza. Na pale pale simu ikalia mkononi mwake. Patron. Odile akabonyeza, na kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na mtoto, akaweka sauti ya nje.

"Makumi tatu!" patron akapiga kelele, salon nzima ikamsikia. "Siku tisa, makumi tatu! Mama Shekina, unafanya mu nyumba yangu mupango gani?"

"Patron, nisikilize. Haiko miye. Kuko mutu mu kiti. Ni mutu wa maji, anasikia baridi, patron, na mutoto wangu anakufa, tafazali nisikilize..."

"Mutu wa maji!" Akacheka kicheko kile cha mtu aliye mbali na mahali penyewe. "Fifi, kuya usikie uongo ya hawa batu! Mutu wa maji anaota moto ya clim yangu!"

Mto wa kiti ukaacha kupanda na kushuka. Ukatulia, kama mtu aliyeamka na sasa anasikiliza.

Mama Tshibola akageuka haraka. Akamwangalia Odile, akaonyesha simu, akapitisha mkono shingoni: kata. Kata! Kidole gumba cha Odile kilikuwa juu ya kile kitufe chekundu, kimekigusa, alisikia uvuguvugu wa kioo chini ya ngozi yake, kazi ilikuwa kubonyeza tu, na kabla hajabonyeza alimwona Abigaël jinsi alivyokuwa Pasaka, mashavu ya moto, jasho puani, akikimbia na biskuti pembeni ya maji, akamwona, halafu akaangalia chini, akaona mdomo wa Shekina wenye rangi ya jivu ukifunguka bila sauti, na kidole chake kikabaki pale pale kilipokuwa, hakikwenda mbele, hakikurudi nyuma.

"Mumuambie vizuri," patron akasema. "Nyumba ni yangu, courant ya umeme ni yangu, moto ni yangu. Kama anasikia baridi, akuye huku kwangu Lubumbashi, mi njo nitamupa!"

Mto ukainuka. Ukainuka taratibu, ukajaa, ukawa mto wa kiti tu. Nyayo za maji zikaanza kukauka sakafuni, moja baada ya nyingine. Kwenye kidirisha cha kijani namba ikashuka, tik, tik, tik, mpaka kumi na sita, ikasimama.

Na Shekina akalia. Alilia kwa nguvu zake zote, uso mwekundu, ngumi juu, kilio cha njaa na hasira za siku tano. Odile akaanguka magotini akamnyonyesha pale pale, na mtoto alinyonya mpaka akamuuma.

Patron alikuwa amekwisha kukata.

Mama Tshibola alikusanya Biblia yake, akaifunga tena ndani ya plastiki, taratibu sana.

"Nilikuwa tayari miye," akasema.

"Najua, mama."

"Kidole yako ilikuwa pale."

"Ilikuwa pale."

Mwanamke mzee akainuka. Alimpapasa Shekina kichwani, akatoka. Tata Kabongo akafungua madirisha yote.

Jioni ile waliwasha moto ufukoni, Mama Tshibola akalia kilio cha yule asiye na jina, lakini alilia kama mtu anayeita kwenye nyumba iliyohamwa. Walipouzima alisema tu, "Haiko tena hapa."

Kazi ikawa nyepesi. Asubuhi kumi na sita, jioni kumi na sita. Odile alirudisha shali kwa infirmière, alirudi kulala boyerie, Shekina akaota jino la pili. Mara tatu alimpigia patron, patron hakupokea. Mara tatu Odile alishukuru kwamba hakupokea, kisha akaona haya.

Siku ya kumi na moja, saa nne za asubuhi, akiwa anaanika nguo, simu ikalia. Alikuwa Mama Fifi, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, tamu, ya mtu asiye na haraka.

"Mama Shekina, habari ya mutoto?"

"Muzuri, mama. Alipona."

"Mungu asifiwe. Nakusumbua kidogo, juu weye unajua hizi mashini. Clim ya huku ku nyumba, tunaiacha kumi na sita, asubuhi tunakuta makumi tatu. Dimitri anagombana na boyi kila siku. Inabonyezwaka namna gani ibakie?"

Odile alishika kamba ya nguo.

"Na Abigaël?" akauliza.

"Oh, ule! Amekuwa mutoto wa adabu, hautamujua. Haliye tena, hakimbie, analala tu. Hata kikohozi yake iliisha. Kitu moja tu, kamiguu kake kanabakia na baridi, siyui juu ya nini."

Mgongoni, Shekina alikuwa anapiga mateke, anataka kushuka. Alikuwa mzito na mwenye joto, jasho lake lilikuwa limepita kwenye kikwembe alichombebea mpaka kwenye ngozi ya mama yake. Odile alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo yote, yamepangana, ilibaki kuyatoa. Mama, musaidie, hapo kuko mutu. Mama, ni miye. Na alijua vizuri kile ambacho Mama Fifi angemwomba baada ya kusikia, kile ambacho mama yeyote angeomba: aseme tena, mi njo nampa.

"Allô? Mama Shekina, uko?"

"Niko, mama," Odile akasema. Akaachia kamba ya nguo. "Umuvalishe chaussettes ku miguu. Zile za sufi."

"Eee, ni kweli, sikuwaze ile," Mama Fifi akasema. "Asante sana. Weye uko na roho muzuri."